Wafagiaji wa Mwisho wa Kaseti

"Mji huu hakuna mtu anayeachwa na mpenzi wake bila kupita kwangu kwanza!"

Pyo Sang-gu alisema hivyo mbele ya stesheni ya Jecheon, Novemba ya mwaka 1990, mdomo umekaribia kumeza kipaza sauti cha redio ya mkoa. Gari la matangazo lilikuwa limekuja kuwauliza wananchi wanasikiliza nyimbo gani msimu ule wa baridi. Mtangazaji, dada mmoja mwenye nywele zilizosimama kama kashika waya wa umeme, alimuuliza swali la adabu tu: jina lako nani, na unauza nini? Sang-gu alikuwa na miaka ishirini na saba, kofia ya njano kichwani, toroli la kaseti za kudurufu mbele yake, na tabia ya kulijibu swali moja kwa majibu kumi. "Andika hivi, dada. Ukiachwa Jumatatu, Jumanne uko kwenye toroli langu. Hospitali kuna foleni, kwangu hakuna." Abiria waliokuwa wakisubiri treni ya Seoul wakampigia makofi. Matangazo yalikuwa ya moja kwa moja. Mkoa mzima ukasikia, pamoja na polisi waliokuwa wakimtafuta kwa sababu ya kaseti hizohizo.

Sasa ana miaka sitini na miwili na ni mlinzi wa magorofa ya Solbat, upande wa pili wa reli. Siku moja kazini, siku moja nyumbani. Kibanda chake kina kiti kimoja, hita moja, na dirisha dogo ambalo watu huinama kuulizia vifurushi vyao. Wakazi wanamwita Mzee wa Kibandani. Jina lake limeandikwa kifuani kwa herufi kubwa za kutosha kusomwa na kipofu, ila kwa miaka sita hakuna aliyejisumbua kulisoma. Siku za nyumbani anarudi kwenye chumba kimoja, anawasha televisheni kabla hajavua koti, si kwamba anaitazama, anataka tu humo ndani kuwe na mtu anayeongea.

Simu ilimkuta Alhamisi, siku ya kutenganisha taka, akiwa amezama mpaka kiunoni kwenye gunia la chupa za plastiki. Alilitazama jina kwenye kioo mara mbili. Hanbit. Binti yake, anayeishi Seoul. Mara ya mwisho walizungumza miaka minne iliyopita, kuhusu karatasi fulani ya manispaa iliyohitaji muhuri.

"Baba?"

"Hanbit. Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula." Alikuwa hajala. Salamu ile kwa watu wengine hufungua mlango tu, ndipo mazungumzo yanaingia. Kwa hawa wawili salamu ndiyo ilikuwa nyumba nzima.

"Baba, nina shida. Si ya hela, usishtuke."

"Sijashtuka. Sema."

"Mama anatimiza sitini mwezi ujao. Nataka kumpigia ule wimbo wake. 'Kituo Kimoja Mbele', wa Maeng Do-yeong."

Sang-gu akatoka kwenye gunia la chupa. Akakaa juu ya maboksi.

"Huo si upo kwenye simu? Siku hizi kila kitu kipo kwenye simu."

"Upo, sauti safi kabisa. Ila unaisha tu. Mama akiosha vyombo anauimba mpaka mwisho, halafu anaunganisha na kitu kingine, kama wimbo wa jeshi hivi. Anapiga sufuria na kijiko, anacheka peke yake. Nikimuuliza ni nini, ananiambia, 'Muulize muuza kaseti.' Ndiyo nakuuliza."

"Alisema hivyo? Muulize muuza kaseti?"

"Hivyohivyo."

Miaka ishirini na sita. Kumbe kwenye nyumba ile, katikati ya vyombo vichafu, huwa anatajwa. Hatajwi kwa jina, ni kweli, lakini cheo nacho ni kitu.

"Unayo, Baba?"

"Ninayo," akasema papo hapo. Hakuwa nayo. Hakuwa hata na kaseti tupu. Lakini katika maisha yake yote hajawahi kumwambia mteja neno "sina", na ulimi wa mtu haustaafu pamoja naye.

"Basi nitumie. Nitakuandikia anwani."

"Posta wanarusharusha vitu. Inaweza kuvunjika."

"Ifunge vizuri," akasema Hanbit, na kwa kuwa alilelewa na mama mwenye adabu, akaongeza, "Jilinde na baridi, Baba."

Sang-gu alibaki amekalia maboksi, mkono umeshika simu iliyokwisha kukatika. Alichotaka kilikuwa kimoja na kilikuwa wazi. Mtu mwenye kaseti ana sababu ya kupanda treni. Mtu mwenye kaseti anaweza kugonga mlango akakaribishwa, hata kama ni kwa dakika tano, hata kama inayokaribishwa ni kaseti, naye kapita nayo. Ilimpasa kwanza aipate. Halafu ilimpasa aambiwe, "Ilete mwenyewe."

Huyo Maeng Do-yeong aliimba albamu moja maishani. Aliandika mwenyewe, akatunga mwenyewe, akapiga gitaa mwenyewe, kisha ini likamshinda akiwa na miaka ishirini na sita, kabla hajanunua hata gitaa la pili. Wimbo wenyewe hauna mambo mengi. Kijana anapanda basi na msichana kila jioni, anapitiliza kituo chake kwa makusudi ili amwone anavyoshuka, halafu anarudi kwa miguu. Kwenye ubeti wa mwisho msichana hayupo. Basi linafika kwenye kituo cha kijana, naye anapitiliza vilevile. "Leo hukupanda, nami nimepitiliza. Mikono mifukoni, narudi kwa miguu." Basi, ndiyo huo. Watu wazima wenye ndevu walikuwa wakiusikia mbele ya stesheni wanajifanya wameingiwa na vumbi la saruji machoni. Mji wetu una viwanda vya saruji, kwa hiyo kisingizio hicho hakijawahi kuisha.

Na ule kama wimbo wa jeshi, wa wafagiaji, uliingia hivi. Wakati santuri ile inatoka, serikali ya wanajeshi ilikuwa imeamuru kila santuri iwe na wimbo mmoja wa maadili mema mwishoni. Ulie, uachwe, ujigaragaze, ila kabla santuri haijasimama ni lazima ukumbushwe kulipenda taifa. Kampuni zilibandika kwaya yoyote iliyokuwa karibu. Kwenye santuri ya Maeng, wimbo wa mwisho wa upande wa pili ulikuwa "Kituo Kimoja Mbele", na nyuma yake tu, sekunde tatu baadaye, wakaja wanaume arobaini na tarumbeta:

"Amkeni, majirani, jua limechomoza!
Shikeni fagio, mtaa ung'ae!"

Kila mdurufu mwenye akili aliinua sindano kabla hawajaingia. Sang-gu, siku anadurufu, alikuwa anakula tambi. Bakuli mkono mmoja, vijiti mkono wa pili, mdomo umejaa. Mpaka anaweka bakuli chini, majirani walikuwa wameshaamka na mtaa umeshafagiliwa nusu. Akasema potelea mbali, kaseti bado ina nafasi. Zikatoka nakala mia tatu zikiwa na wafagiaji wao, zikaisha kwa wiki mbili.

Ndipo akaja Tak Eun-ok, karani wa duka la dawa, miaka ishirini na mitano, macho yamevimba kama maandazi. Alikuja wiki moja baada ya yale majigambo ya redioni, akaipiga kaseti juu ya toroli mbele ya watu.

"Wewe! Nirudishie hela yangu."

"Kanda imekatika?"

"Haijakatika! Nalia vizuri, mto umelowa, moyo unaanza kupata nafuu, mara wanaume arobaini wanaingia chumbani kwangu wananiambia nikafagie mtaa!"

Watu wakaanza kusogea. Sang-gu akavua kofia yake ya njano kwa heshima kubwa.

"Pole, dada. Nani kakuacha?"

"Yanakuhusu nini?"

"Yananihusu. Nilishatangaza redioni."

"Nirudishie hela."

"Na je, ulifagia?"

"Nini?"

"Mtaa. Walipokuambia, ulifagia?"

Eun-ok alifungua mdomo amtukane, kikatoka kicheko. Akakasirika kwa kucheka, akacheka tena kwa sababu kakasirika. Hela hakurudishiwa. Mwaka uliofuata walioana.

Sang-gu, kwa kuwa alikuwa anapenda, alichukua malalamiko yale kama amri. Akaweka ile santuri upya, akakaa mbele yake kama daktari wa upasuaji, kidole juu ya sindano, bila tambi, na sauti ya gitaa ilipokwisha tu akaiinua. Wafagiaji wote arobaini wakabaki nje. Nakala ya kwanza ya toleo hilo safi alimpa Eun-ok, lebo kaiandika kwa mkono. Eun-ok alisema asante. Akaiweka kwenye droo.

Mengine ni ya kawaida na ya aibu. Zikaja sidii, ikaja misako, ikaja na ile shida ya uchumi ya mwaka tisini na saba iliyofunga hata maduka yenye milango. Sang-gu akapakia bidhaa kwenye gari dogo akawa anauza kwenye vituo vya mapumziko vya barabara kuu. Alirudi kila wiki, halafu kila mwezi, halafu majani yakibadilika rangi. Huko njiani kulikuwa na wasikilizaji, nyumbani kulikuwa na maswali. Siku moja mwaka tisini na tisa alifungua mlango akakuta viatu vya watu asiowajua vimepangwa pale pa kuvulia. Mwenye nyumba alisema mama na mtoto wa miaka saba walihama tangu mwezi wa tatu. Na yeye, bingwa wa walioachwa, siku yake ilipofika hakuwa na toroli la kwenda.

Ijumaa, baada ya zamu, alikwenda mtaa wa stesheni kwa Go Ok-bun.

Ok-bun ana miaka sabini na anauza mishikaki ya samaki wa kusagwa inayoogelea kwenye mchuzi mwekundu wa pilipili. Meza yake ilikuwa jirani na toroli miaka ile yote, na muziki aliusikia bure. Ndiye mtu pekee mjini anayemwita Sang-gu kwa jina la mwanawe.

"Baba Hanbit! Hujafa?"

"Bado, dada. Nikifa utaniona kwenye foleni ya mishikaki."

"Ukifa usije, unanitisha wateja. Kaa. Kula. Umekonda kama kijiti changu." Akamwekea mitatu bila kuuliza. "Unataka nini? Wewe huji bila kutaka kitu."

Akamweleza. Ok-bun akasikiliza huku akikoroga mchuzi, na alipofika kwenye "muulize muuza kaseti" mwiko ukasimama.

"Mama Hanbit alisema hivyo?"

"Alisema."

"Na wewe hapo moyo ukaruka kama chura."

"Sikusema hivyo."

"Masikio yako yamesema. Ona yalivyo mekundu, unaweza kuyachoma kijiti nikayauza." Akajifuta mikono. "Umewaliza watu mji mzima kwa rejareja na kwa jumla, leo unanililia mimi kaseti moja. Ngoja."

Alirudi kutoka stoo na boksi la vitunguu lililojaa kaseti, na redio yenye mafuta ya miaka thelathini. Kaseti ya nne kutoka juu ilikuwa yenyewe. Lebo ilikuwa mwandiko wa Sang-gu, wa wakati ule mkono wake ulipokuwa na haraka. Ok-bun akapeleka kanda mbele, akasimamisha, akarudisha, akabonyeza.

Gitaa likaingia likiwa limelegea kidogo, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kisha ile sauti. Ya kijana, na ndicho kilichomchoma Sang-gu. Zamani alidhani Maeng ni kaka yake mkubwa aliyekwisha kuyaona yote. Sasa alikuwa anasikia mtoto, mdogo kuliko binti yake, akiimba habari za basi. Wao wote walikuwa wamepitiliza vituo wakazeeka. Yeye peke yake bado yumo ndani ya lile basi, mikono mifukoni.

Dereva wa lori la saruji aliyekuwa anakula amesimama akaacha kutafuna. Kijiti kimebaki hewani, mchuzi unamdondokea kiatuni, midomo inafuata maneno.

"Nani alikuacha, baba?" Ok-bun akamuuliza.

"Mwalimu wa chekechea. Wa Yeongwol," dereva akasema, kisha akaona amejibu kweli. "Pilipili hii kali," akasema, akageuka ukutani.

"Mikono mifukoni, narudi kwa miguu." Gitaa likaisha. Watatu wote wakasubiri, shingo zimesogea mbele kidogo, kama watu wanaosubiri chafya. Sekunde tatu. Nne. Kanda ikaendelea kusugua kimya.

"Wako wapi?" Ok-bun akauliza. "Wale wafagiaji. Hapa si ndipo walikuwa wanaingia?"

Sang-gu alikuwa ameshaelewa. Ile ilikuwa ya toleo la pili, lile safi, aliloliondolea uchafu kwa mkono wake kwa ajili ya mwanamke mmoja. Alimpa kile alichosema anakitaka. Na mwanamke huyo miaka thelathini na mitano anaosha vyombo akijiwekea mwenyewe kile kilichoondolewa.

"Niliwatoa," akasema. "Mama Hanbit alilalamika."

"Alilalamika huku anacheka, baba! Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika mwiko huuhuu."

"Nilisikia kulalamika."

"Ndiyo maana unakaa kibandani peke yako," akasema Ok-bun, kisha akaona kwamba limetoka kali kuliko alivyolipika. Akamwongezea mshikaki wa nne. "Sikiliza. Kwani wewe huujui? Kila mtu wa umri wetu anaujua, tumeimbishwa mpaka tukaota. Chukua kaseti, chukua na redio. Panda treni. Wimbo ukiisha, simama hapo mbele ya keki uwaimbie mwenyewe. Ukiwa na fagio kabisa. Mama Hanbit asipocheka, mishikaki yangu maisha yako yote bure."

Sang-gu alitembea kurudi na redio kifuani kama amebeba mtoto. Njiani alijikuta anapanga ni fagio gani. Lile la kibandani lilikuwa limekwisha meno. Ingebidi lile la chelewa, la majani ya vuli, lenye mpini mrefu. Kwenye treni angeliweka katikati ya magoti. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie chumba kile alisahau kuwasha televisheni.

Jumamosi, akiwa zamu, alimpigia Hanbit. Alikuwa amejiandaa, hata maji alikunywa kwanza.

"Nimeipata."

"Kweli? Asante sana, Baba!"

"Ila kuna tatizo dogo. Hizi kaseti za zamani zinataka mashine yake."

"Nimeshaagiza mtandaoni. Imefika jana."

"Hizo mpya zinakula kanda. Lazima awepo mtu anayejua kuiweka. Na halafu huku mwishoni, pale pa wafagiaji, kuna... ni lazima kuwe na mtu."

"Baba."

"Naam."

"Ni chakula cha mchana tu. Mimi, Mama, shangazi wawili, na mume wangu. Meza ya watu watano."

Hita ya kibandani ilizunguka ikalia, ikazunguka ikalia.

"Mume wako," akasema Sang-gu.

"Tulioana mwaka juzi. Hatukufanya kitu kikubwa. Nilitaka kukuambia, halafu..." Sentensi hiyo haikuwa na mwisho, wala Sang-gu hakuulizia mwisho wake.

"Hongera."

"Asante."

"Anakula vizuri?"

"Nani?"

"Mumeo."

"Anakula, Baba. Anakula sana." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Sikukatalii kwa ubaya. Ila Mama akikuona mlangoni, sijui siku yake itakuwaje, na hiyo siku nataka iwe yake. Itume tu. Tafadhali."

"Nitatuma," akasema. Alisema kwa ile sauti ya toroli, ya haraka na ya furaha, iliyowahi kuuza kaseti za Krismasi mwezi wa pili.

Jumatano alikuwa zamu. Saa nane mchana, wakati magorofa yametulia na watoto hawajarudi shule, aliweka redio ya Ok-bun juu ya daftari la wageni. Kwenye mgongo wa kaseti vile vipande viwili vya plastiki vya kuzuia kurekodi vilikuwa vimevunjwa. Akaziba matundu kwa seloteipu, jambo ambalo vidole vyake vililifanya bila kumuuliza. Akasikiliza mpaka gitaa lilipoisha. Akahesabu moja, mbili, tatu. Akabonyeza kitufe chekundu.

"Amkeni, majirani, jua limecho..." Sauti ikapasuka. Ilikuwa haijatumika kwa kitu chochote zaidi ya "kifurushi chako hiki hapa" kwa muda mrefu mno. Akarudisha kanda.

Mara ya pili alisimama, akashika fagio, akawa anagonga mpini sakafuni mahali pa ngoma. Alikuwa amefika kwenye "hatua moja, hatua mbili, nchi yetu mbele" pale dirisha lilipogongwa. Mama wa namba 704, shingo imeinama, macho makubwa.

"Mzee, kuna nini? Moto?"

"Hakuna moto, mama."

"Mbona unapiga kelele za kuamsha watu?"

"Ni wimbo."

"Huo wimbo!" Mama wa 704 akaangalia huku na huku, kisha uso ukamlegea. "Mungu wangu, tulikuwa tunaimbishwa huo uwanjani kila Jumatatu. Na nina kifurushi?"

"Huna, mama."

"Hatua mbili yako iko chini. Panda juu hapo," akasema, akaondoka akiwa anaguna tarumbeta.

Mara ya tatu alipandisha. Aliimba beti zote mbili mpaka mwisho, na pale pa tarumbeta akapiga tarumbeta kwa mdomo, mashavu yamejaa, mzee mzima ndani ya sare ya kijivu. Wanaume arobaini walikuwa wamebaki mmoja, na huyo mmoja alikuwa anahema. Eun-ok angemjua kwenye neno la kwanza. Hanbit huenda asimjue kabisa, angedhani ndivyo kaseti ilivyo. Kama Eun-ok angecheka, au angeinuka akaizima, au angewaambia shangazi wapitishe mboga, hayo Sang-gu asingeyaona.

Wimbo ulipokwisha hakubonyeza kuzima. Kulikuwa na kitu alitaka kusema. Alianza "Mama Hanbit", akasimama hapo. Kanda ikaendelea. Ilinasa hita ikizunguka ikilia, ilinasa mti wa geti ukiinuka, gari likipita, mti ukishuka. Ilinasa mtu akivuta pumzi kama anayetaka kuzungumza, mara mbili. Kisha kitufe kikaruka chenyewe, upande umekwisha.

Alifikiria kuirudisha aifute ile sehemu ya mwisho. Akaitoa kaseti, akaifunga kwa gazeti, kisha kwa kitambaa, kisha kwenye boksi la dawa ya meno aliloliokota kwenye maboksi safi ya Alhamisi iliyopita.

Kesho yake, Alhamisi, ilikuwa siku yake ya nyumbani. Alikuwa wa kwanza posta. Karani, msichana mwenye kucha za kijani, aliuliza kuna nini ndani.

"Kaseti."

"Kaseti ni nini?"

"Muziki."

"Kitu cha kuvunjika?"

Sang-gu alifikiri zaidi kuliko swali lilivyostahili, watu wawili nyuma yake wakaanza kukohoa.

"Andika ndiyo," akasema.

Msichana akabandika karatasi nyekundu, akapima. "Utapewa namba ya kufuatilia. Ikishapokelewa utaona kwenye simu yako, imepokelewa na nani saa ngapi."

"Inaonyesha hayo tu?"

"Hayo tu, baba. Ulitaka ionyeshe nini?"

Sang-gu akahesabu hela. Kifurushi kidogo, Jecheon hadi Seoul, ni won elfu nne.